Sauti Niliyomtia Sovè

Watu bado wananishika mkono barabarani. "Wozmon, umetuua kwa kucheka!" wananiambia, na mimi nachekacheka kama mjinga huku natafuta kona ya kupitia. Juzi muuza vocha mmoja alinizibia njia ya sokoni akaniigizia ule mstari mbele ya wateja wake: "Mama, chakula kimezidi chumvi!" Watu wakavunjika mbavu. Nikamwambia haya, asante, nimechelewa. Sikuwa nimechelewa popote. Nilikuwa nimeshikwa na haya, basi. Nina haya mpaka leo, na nikieleza mtaona kwamba haya hizi ni zangu kihalali kabisa.

Mimi natengeneza filamu hapa Jakmel, mji wa pwani kisiwani kwetu. Msinifikirie makubwa. Nina kamera moja, taa mbili, na mtu wa sauti mmoja anaitwa Klesidò, ambaye pia ndiye dereva na ndiye mpishi. Mwaka jana Frizno, mtu wetu aliyeko Montreal anayetugharamia filamu, alinipigia simu.

"Nataka zombi," akasema.

"Zombi wa namna gani?"

"Wa kuchekesha. Zombi mkavu watu wamemchoka. Mchanganye na harusi, tia mapenzi, tia nyimbo. Watu walie huku wanacheka."

"Ang'ate?"

"Wozmon, we mtu wa wapi? Wa kung'ata waachie wazungu."

Hapo akanipata. Kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni hicho. Zombi ni wetu. Walimchukua hapa, wakampeleka huko kwao, wakamtia meno, wakaturudishia hata hatumjui. Zombi wa kwetu hali mtu, yeye ndiye aliyeliwa! Ni msukule: amekufa, amezikwa, wamemfukua, wamemfanya mtumwa kwenye shamba la mtu, kimya, macho chini, anakula chakula kisicho na chumvi. Akionja chumvi tu anaamka, anakumbuka jina lake. Hilo mtoto wa hapa analijua kabla hajajua kusoma.

Basi nikaandika hadithi. Binti anaolewa, lakini kaka wa bwana harusi ni zombi, na familia imemficha miaka yote. Siku ya harusi hawana pa kumweka. Wanamvisha koti, wanamkalisha mezani, na mama mtu anakimbia huku na huko mwanawe asije akapewa sahani yenye chumvi. Halafu shangazi wa bibi harusi, mwenye huruma tele na akili kiduchu, anamtilia samaki mkavu mdomoni. Filamu nzima ilisimamia hapo. Anaonja, anaamka, anasema. Watu wacheke mpaka machozi.

Nafasi ya kaka mtu nilimpa Belizè. Belizè ni kinyozi, ana umbo, lakini filamu za nje zimemharibu. Nikisema "Anza!" ananyoosha mikono mbele na kukoroma, anatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Belizè, shusha mikono. We mtumwa, si mbwa."

"Si zombi lakini?"

"Zombi wa wapi huyo? Umeshamwona zombi wewe?"

"Kwani wewe umemwona?"

Klesidò akanitazama, na mimi nikamtazama. Tulikuwa tumemfikiria mtu mmoja.

Mama Idalya anakaanga ndizi na mihogo pembeni ya ukumbi wa parokia. Nimekula kwake utoto wangu wote, nyumba yao na yetu zilikuwa zinatumia ukuta mmoja. Mwanawe, Sovè, alikuwa rika langu. Tulipokuwa na miaka kumi na tisa Sovè alishikwa na homa siku ya Jumanne, Alhamisi akafa, Ijumaa tukamzika. Mimi nilikuwa mmoja wa wanne waliobeba jeneza, na lilikuwa zito, naweza kuapa. Miaka minane baadaye Mama Idalya alikwenda soko la Marigo kununua mafuta ya kukaangia akarudi na mtu. Mwanamume mwembamba, ndevu timtim, macho chini, hasemi. Alimkuta amekaa katikati ya magunia. Akamtazama sikio la kushoto, akaona kovu kama lile ambalo mbwa alimwachia Sovè utotoni, akamshika mkono wakapanda gari. "Nimempata mwanangu," akatuambia, na hakutaka mjadala.

Mtaa uligawanyika. Wengine walisema ndiye. Wengine, na mimi nikiwa kinara wao, tulisema ni mgonjwa wa watu, ana mama yake mahali, na masikio yenye makovu ni mengi. Tulisema hivyo mbali na Mama Idalya. Yeye alikuwa hana habari na sisi. Alimpikia mtu wake kwa chumvi. Chumvi, jamani, wali wake ulikuwa haumezeki! Kwa miaka sita amemlisha kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko, anautazama ule mdomo, anangoja. Kuna waliomwonya kwamba zombi akiamka hakai nyumbani, ananyooka moja kwa moja kurudi kaburini kwake kulala.

"Aende," alisema. "Aniite kwanza, halafu aende."

Na kwetu chumvi ya namna hiyo haitolewi ovyo. Anayeitoa ni wa nyumbani: mama, mke, dada. Mtu baki hatii mkono wake. Hilo nalo nililijua vizuri tu.

Kila Jumamosi Mama Idalya huenda Marigo, na Sovè hubaki amekaa kwenye ngazi ya mlango mpaka arudi. Jumamosi moja nikamfuata Sovè. Siibi, nikajiambia, naazima. Ni uso tu wa pale anapoonja chumvi, dakika tano. Nilipomshika mkono akainuka akanifuata bila kutaka kujua tunakwenda wapi. Hilo peke yake lingetosha kunitia aibu, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka.

Tukamvisha koti na kofia za Belizè, tukampaka poda, tukamkalisha kwenye meza ya harusi. Alikuwa mzuri, haki ya Mungu. Belizè alisimama pembeni na mikono yake mirefu akasema, "Ah, kumbe hivyo." Mama aliyeigiza shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda ibadani, kwa hiyo nikavaa mkono wa gauni lake, ule wa lesi, mpaka kwenye kiwiko. Mkono mnaouona kwenye picha ukishika samaki ni wangu.

Sasa eleweni jinsi tunavyofanya kazi. Filamu zetu tunazipiga bila sauti. Kuna jenereta, kuna majogoo, kuna fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya pili. Tunapiga picha kwanza, sauti tunaitia baadaye chumbani kwangu, godoro limesimamishwa dirishani. Lakini mchana ule jenereta ilikuwa imezimwa ipoe, fundi ameenda kula, hata majogoo walikuwa wamechoka. Klesidò akaona bahati.

"Niwashe kinasa sauti? Kumetulia."

"Cha nini?" nikamjibu. "Bubu huyo."

Nilisema hivyo mbele yake. Alikuwa amekaa pale pale, kofia kichwani, hatua moja kutoka kwangu.

Nikamtilia samaki mdomoni. Alitafuna polepole. Uso ukajikunja, machozi yakamtoka, maana samaki yule alikuwa chumvi tupu. Halafu akainua macho. Sijawahi kumwona akiinua macho kabla ya siku ile. Alinitazama mimi na ule mkono wa lesi, midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana tena, ikaachana. Kisha akayashusha macho chini. Sisi wote pale tulikuwa tunacheka. Belizè alikuwa ameshikilia tumbo. Nikapiga makofi nikasema, "Safi sana! Hakuna kurudia!"

Kabla ya saa kumi nilikuwa nimeshamrudisha kwenye ngazi yake. Nilimfuta poda kwa kitambaa changu. Nyuma ya sikio ilibaki kidogo, nikaiacha.

Sauti ya Sovè niliitia mimi mwenyewe, kwa pua, kama mtu mwenye mafua. Klesidò alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Tuliionyesha Jumapili moja alasiri kwenye ukumbi wa parokia, mashuka yamefunika madirisha. Pakajaa pomoni. Nilisimama karibu na mlango nipate kuwatazama watu wakicheka, maana ndiyo raha yetu sisi. Ulipotokea uso wa Sovè, mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, si Sovè huyo? Sovè wa Mama Idalya!" Ukumbi ukalipuka. Nje, kwenye karai lake, Mama Idalya akasikia jina. Akaingia na uma wa kukaangia mkononi, mafuta yanadondoka, na akafika sawasawa na mwanawe kuinua macho na kusema kwa sauti kubwa mbele ya watu mia tatu:

"Mama..."

Yaliyofuata hakuna aliyeyasikia kwa vicheko. Mama Idalya hakuyasikia pia.

"Kasema," akasema.

Nilikuwa karibu naye, nilimsikia.

"Kasema! Mwanangu kasema! Kaniita!"

Akaanza kucheka na kulia, anawashika watu mikono, na watu wakadhani anaionea fahari filamu, wakawa wanampongeza. "Hongera, mama! Mwanao nyota!" Akatupa uma, akatoka mbio kwenda nyumbani, mama wa miaka sitini na ushee, kanga ya kazi imemning'inia. Karai likaachwa linaunguza ndizi.

Mimi nilijua pale pale. Ningeweza kumkimbilia. Sikumkimbilia. Nilingoja mpaka mwisho, nikapigiwa makofi, nikasimama mbele, nikainama mara mbili.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu, amemshika Sovè mkono. Nilidhani amekuja kunitukana, nilikuwa nimeshajiandaa kutukanwa. Lo! Afadhali angenitukana.

"Wozmon mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Mimi sikuja kukulaumu kwa kumchukua. Umefanya vizuri. Kwako kasema. Kwangu hasemi. Jana jioni nimempa samaki, asubuhi nimempa tena, kimya. Niambie tu, ulinunua duka gani? Ilikuwa chumvi gani?"

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Ulimshika vipi? Ulimlisha kwa kulia au kushoto? Ulimwambia neno kabla?"

"Mama Idalya..."

"Kama ni siri ya kazi yako sitamwambia mtu. Nionee huruma, baba. Miaka sita."

Nilitafuta uongo. Sitaki kujisafisha hapa, nilitafuta sana, na kama ningeupata mzuri ningeutumia. Sikuupata.

"Sauti ile ni yangu," nikasema. "Tunaitia baadaye. Si yeye. Ni mimi."

Hakuelewa. Nikamwonyesha. Nikaziba pua nikasema ule mstari pale chumbani kwangu mchana kweupe, mbele ya Sovè. "Mama, chakula kimezidi chumvi." Nilipomaliza nilitamani sakafu inimeze.

Alikaa sasa. Akakaa kitandani kwangu, mkono wa Sovè bado ameushika.

"Kwa hiyo aliyeniita mama ni wewe."

"Ndiyo."

"Kwa mzaha."

"Ndiyo, mama."

Halafu akaniambia jambo ambalo mimi, mtu wa filamu, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Lakini mdomo ulikuwa wake."

"Wake, ndiyo."

"Nimeuona umecheza. Haya, toa sauti yako, niachie ya kwake. Nataka kusikia alichosema."

Nikawasha kompyuta, nikatafuta ile picha kama ilivyotoka kwenye kamera, nikaiweka. Mkono wa lesi, nikamwambia ni wangu, nimejifanya shangazi. Samaki. Machozi. Macho yakainuka, midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana, ikaachana. Kimya.

"Ongeza," akasema.

"Haina sauti, Mama Idalya. Haikunaswa."

"Ilikuwa imeharibika, mashine?"

Hapa tena ningeweza kusema ndiyo, iliharibika. Neno moja tu. Lakini Klesidò alikuwa ameshaingia na kahawa, amesimama mlangoni, naye alikuwepo siku ile.

"Nzima," nikasema. "Klesidò alitaka kuiwasha. Nikamwambia ya nini, bubu huyo."

Klesidò akaangalia kahawa. Mama Idalya akaniashiria kwa kidole nirudie picha. Nikairudia. Akaashiria tena. Mara ya nne midomo yake mwenyewe ikaanza kufuata ile ya kwenye kioo, inajaribu, inapima. Mara ya saba akaacha.

"Wewe uliandika mstari ule," akasema.

"Mimi."

"Kwa nini ulianza na 'mama'? Mtu amelishwa na shangazi. Kwa nini usiseme 'shangazi'? Kwa nini usiseme 'maskini mimi', au 'jamani', au 'moto'?"

Jibu nilikuwa nalo, ndilo lililonifanya nisimtazame. Mtu anayetia sauti hatafuti maneno kichwani, anayatafuta kwenye mdomo. Niliitazama picha ile mara ishirini usiku na mchana. Nilijaribu "shangazi", halikukaa. Nilijaribu "harusi ya nani hii", likapitiliza. Nilijaribu matusi mawili. Neno moja tu ndilo lililokaa juu ya midomo ile, likaingia na kutoka nayo sawasawa, na Klesidò alipiga kofi akasema, "Hilo! Kama vile kalisema mwenyewe!" Tukacheka. Nikaunga na chakula na chumvi ili liwe kichekesho, tukaenda kula.

"Ndilo lililokaa," nikamwambia.

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua, mama. Nilikuwa..."

"Ulijua, Wozmon. Ulilisoma ukalifanya mzaha."

Mimi, niliyebeba jeneza. Mimi niliyezunguka mtaa mzima nikisema mtu huyu si wake. Nilianza kulia, na hata kulia kwenyewe kulinitia haya, maana mwenye kulia pale alikuwa mwingine na hakulia. Aliinuka, akamwinua Sovè, akamtazama nyuma ya sikio, akalowesha kidole kwa mate akamfuta kitu. Sijui kama ni ile poda. Zilikuwa zimeshapita wiki nyingi, haiwezekani. Lakini mimi niliona poda.

Mlangoni akageuka.

"Jumamosi uje kwangu. Uje na samaki wa duka lile, na mkono wako ule ule. Na hiyo mashine ikae imewashwa."

Filamu haikurudishwa. Nilimwomba Frizno akate kile kipande, akanicheka. Kimetazamwa huko nje kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na anataka sehemu ya pili. "Yule jamaa wa chumvi bado yupo?" aliniuliza. Nikakata simu. Alipopiga tena nikapokea, maana Klesidò ana watoto.

Jumamosi nilikwenda, na mpaka leo nakwenda. Mama Idalya haendi tena Marigo siku hiyo, amemtafuta mtu wa kumletea mafuta. Ananipa kiti mbele ya Sovè. Mara ya kwanza nilikwenda na mkono wangu mtupu, akaniuliza, "Na ile lesi?" Nikarudi nyumbani kuifuata. Sasa naivaa tangu kwangu, napita nayo mtaani, na watu wanaoiona wanakumbuka filamu wanacheka. Nakaa, naweka kinasa sauti juu ya goti, nawasha, taa nyekundu inawaka. Nampa Sovè samaki. Mama yake anakaa ubavuni, uso wake umeukaribia ule mdomo kiasi kwamba anaweza kuhesabu meno.

Sijui kama ni Sovè. Zamani nilikuwa najua. Sasa namtilia chakula mdomoni nikiomba ainue macho, aseme chochote, hata kama ni tusi, hata kama baada ya hapo atainuka aende makaburini na sisi wawili tumfuate nyuma. Hainui macho. Huenda ananikumbuka. Ningekuwa yeye, nisingesema mbele yangu.

Nina Jumamosi kumi na moja zimenaswa. Zote zina mtu anatafuna, zina jogoo, zina fundi anachomelea geti, na mwishoni Mama Idalya anasema, "Zima, mwanangu. Leo hapana."